Kuondoa lignini au kuivua rangi: ipi ya kuchagua unapopausha rojo ya mbao, kuanzia Mufindi hadi Rungwe

Wenye mashamba ya miti na vikundi vya ujasiriamali huku Nyanda za Juu Kusini huanza na swali moja: dawa gani inafanya rojo ya mbao, ule uji wa nyuzi unaotengenezewa karatasi, iwe nyeupe? Swali hilo lina lingine linalopaswa kulitangulia. Unataka lignini, gundi ya asili inayoshikanisha nyuzi za mbao, itoke kabisa, au unataka ibaki humohumo lakini ipoteze rangi yake? Hizo ni kazi mbili tofauti, na kila moja ina dawa zake. Klorini, dayoksaidi ya klorini, oksijeni na ozoni ni dawa za kutoa. Peroksidi ya haidrojeni, inavyotumika mara nyingi, ni dawa ya kuvua rangi. Jiki imekaa katikati, na ndiyo inayowaponza wengi. Ukishajibu swali la kwanza, nusu ya orodha inajifuta yenyewe.

Msindano si mlingoti

Mbao ni kama nyumba ya fito: selulosi ndiyo fito, lignini ndiyo udongo uliokandikwa katikati. Msindano unaojaza mashamba ya Sao Hill, hasa Pinus patula, una lignini kama asilimia 25 hadi 30 ya uzito wake mkavu. Mlingoti, yaani mkaratusi, kwa kawaida una pungufu kidogo. Lakini kinachoamua mambo ni muundo zaidi ya kiasi. Lignini imejengwa kwa pete za kaboni sita, kila pete ikiwa na mkia wa kaboni tatu. Kwenye msindano, karibu kila pete ina kundi moja tu la methoksili (kijipande cha oksijeni na kaboni kilichopachikwa pembeni), hivyo pembeni yake inabaki nafasi wazi ambapo pete nyingine inaweza kujishikiza moja kwa moja, kaboni kwa kaboni. Kwenye mlingoti, pete nyingi zina makundi mawili ya methoksili, nafasi ile imezibwa, na sehemu kubwa zaidi ya viungo inapitia kwenye oksijeni. Viungo vya oksijeni vinakatika kwenye mpiko. Vya kaboni kwa kaboni havikatiki kirahisi. Ndiyo sababu mlingoti huiva haraka na kutoka na lignini kidogo, wakati msindano unang'ang'ania.

Mpiko wenyewe, kwa viwanda vikubwa, ni wa krafti, njia iliyobuniwa na Mjerumani Carl Dahl mwaka 1879. Vipande vya mbao vinachemshwa ndani ya chungu cha shinikizo pamoja na kostiki (soda kali, yaani haidroksidi ya sodiamu) na sulfidi ya sodiamu, kwenye joto la nyuzi 160 hadi 170 hivi. Sulfidi ndiyo inayoharakisha kukatika kwa vile viungo vya oksijeni, na lignini inayeyuka na kugeuka maji meusi. Zaidi ya tisa ya kumi inatoka hapo. Kile kinachobaki ndicho kichwa kigumu: kimejikunja, kimejishikiza kwenye hemiselulosi (minyororo mifupi ya sukari inayoizunguka selulosi), na kimegeuka rangi ya kahawia. Angalia ubao wa msindano uliopasuliwa leo Mafinga, ni mweupe wa manjano. Ukahawia wa karatasi ya mfuko wa saruji umezaliwa kwenye chungu, pale kostiki na joto vilipotengeneza miundo ya kwinoni na minyororo ya vifungo maradufu inayomeza mwanga.

Kwa nini usiendelee kupika mpaka lignini iishe? Kwa sababu katika hatua ya mwisho kostiki inaanza kukata selulosi kwa kasi kuliko inavyotoa lignini. Unabaki na rojo safi yenye nyuzi dhaifu, tena kidogo. Hapo ndipo kupika kunakoma na kupausha kunaanza.

Kipimo kinachotumika ni namba ya kapa, yaani kiasi cha pamanganeti ya potasiamu ambacho rojo inakitumia. Zidisha kapa kwa 0.15 upate asilimia ya lignini, kwa makadirio. Rojo ya msindano ya kwenda kupaushwa, yenye kapa 30, imebaki na lignini kama asilimia 4.5. Ya mlingoti yenye kapa 18, kama asilimia 2.7. Mwenye kiwanda asiyejua kapa yake hawezi kuchagua dawa, na muuza dawa anayekupa bei bila kukuuliza kapa usimsikilize.

Ila kwa mlingoti kapa ina udanganyifu wake, na watu wa huku wanapaswa kuujua kwa sababu milingoti inazidi kupandwa kila msimu. Wakati wa mpiko, sehemu ya hemiselulosi ya mlingoti inageuka kuwa asidi ya heksenuroniki. Si lignini, lakini ina kifungo maradufu, na pamanganeti haitofautishi. Vizio kadhaa vya kapa kwenye rojo ya mlingoti vinaweza kuwa hiyo asidi tu. Oksijeni haiigusi. Peroksidi haiigusi. Lakini dayoksaidi ya klorini na ozoni zinapoteza nguvu juu yake, na ikibaki, karatasi inageuka njano ikikaa. Dawa yake ni nafuu: asidi nyepesi, pH kama 3 hadi 3.5, joto la nyuzi 90 hadi 95, saa mbili hivi, kabla ya kutia dawa ghali. Kwenye miinuko ya Mufindi, karibu mita 1,900 juu ya usawa wa bahari, maji yanachemka kama nyuzi 94 tu, hivyo sufuria ya wazi ya maabara haitafika 95 hata ukiongeza kuni. Tumia chombo kilichofungwa, au ongeza muda.

Klorini na dayoksaidi ya klorini: jina moja, tabia mbili

Hapa nataka tukae kidogo, kwa sababu ndipo watu wanapochanganya, na kuchanganya hapa kuna gharama kwa mito.

Klorini tupu, gesi ile ya kijani iliyotambuliwa na Carl Wilhelm Scheele mwaka 1774, inaipenda lignini kwa namna ya ajabu. Kwenye rojo ya uvuguvugu, dakika chache zinatosha. Atomu ya klorini inaingia kwenye pete na kuchukua nafasi ya haidrojeni, na wakati huohuo makundi ya methoksili yanang'olewa yakitoka kama methanoli. Kisha unaosha kwa kostiki, na lignini yenye klorini inayeyuka yote. Kwa macho ya mwenye kiwanda ni ajabu: haraka, rahisi, weupe wa juu. Ndiyo sababu dunia iliitumia kwa sehemu kubwa ya karne ya 20.

Tatizo ni kile kinachoyeyuka. Pete ya kaboni sita iliyopachikwa klorini haiozi kirahisi. Inapita kwenye mabwawa ya maji taka, inaingia mtoni, inajikusanya kwenye mafuta ya samaki. Miaka ya 1980 wachunguzi walikuta kwenye maji na matope ya viwanda vya rojo vitu vya jamii ya dioksini, pamoja na 2,3,7,8-TCDD, ambayo ni miongoni mwa sumu kali zinazojulikana na inasababisha saratani. Mkataba wa Stockholm wa mwaka 2001 kuhusu sumu zisizooza, ambao Tanzania ni mwanachama, unataja waziwazi utengenezaji wa rojo kwa klorini tupu kuwa chanzo cha kudhibitiwa. Marekani nayo, kwa kanuni za mwaka 1998, ilivisukuma viwanda vyake vya rojo nyeupe ya krafti kuiacha.

Dayoksaidi ya klorini inafanya kazi kwa njia nyingine kabisa. Badala ya kupachika klorini kwenye pete, inanyang'anya elektroni moja kutoka kwenye lignini yenye fenoli. Pete inadhoofika, inafunguka, inageuka kuwa vipande vya asidi vinavyoyeyuka kwenye kostiki. Selulosi inaachwa karibu bila kuguswa, na hili ndilo linalonifanya niipende: hakuna dawa nyingine ya kutoa lignini inayochagua vizuri hivyo. Kwa uzito uleule, nguvu yake ya kuoksidisha ni mara 2.63 ya klorini, hivyo unatumia kidogo.

Si safi kwa asilimia mia, na anayekuambia hivyo anakuuzia. Ikifanya kazi, sehemu yake inageuka kuwa asidi ya hipoklorasi, ambayo inaweza kupachika klorini kidogo kwenye lignini. Lakini kiasi cha misombo yenye klorini kinashuka sana, vipande vyake vina klorini chache na vinaoza kwa urahisi zaidi, na dioksini inashuka hadi isipimike. Ndiyo maana sehemu kubwa ya rojo nyeupe ya kemikali duniani leo inapaushwa kwa njia hii.

Ugumu wake ni wa kuitengeneza. Gesi yake inalipuka ikizidi takriban asilimia 10 hewani, kwa hiyo hakuna lori litakalokuletea. Kiwanda kinaitengeneza palepale kutoka kloreti ya sodiamu na asidi ya salfa, kisha kinaiyeyusha kwenye maji ya baridi, kama gramu 10 kwa lita. (Baridi ya Mufindi hapo ni faida ya kweli, kwa kuwa maji yakiwa baridi yanashika gesi zaidi.) Unahitaji mafundi waliofunzwa, vipima gesi, na vyombo vya titani au plastiki maalumu. Kikundi cha watu kumi kisiiote.

Oksijeni kabla ya yote

Oksijeni ni dhaifu. Haiwezi kuishambulia lignini mpaka uisaidie kwa kostiki, joto la nyuzi 90 hadi 110, na shinikizo. Tena haina uchaguzi mzuri: njiani inazaa radikali za haidroksili, vipande vikali vya oksijeni na haidrojeni vinavyokata selulosi ovyo. Ndiyo maana hutiwa salfeti ya magneziamu kidogo kuilinda selulosi, na ndiyo maana inasimamishwa ikishaondoa kama nusu ya lignini iliyobaki. Kapa 30 inashuka hadi 15 au 16, basi.

Lakini mimi kwa kiwanda chochote kipya cha rojo nyeupe kwenye nyanda hizi ningeweka oksijeni kabla ya kufikiria kingine, na sababu yangu haiko kwenye weupe. Iko kwenye maji. Maji ya kuoshea rojo baada ya oksijeni hayana klorini, kwa hiyo yanaweza kurudishwa nyuma, yakaungana na maji meusi ya mpiko, yakakolezwa na kuchomwa kwenye boila la kurejesha kemikali. Lignini inakuwa kuni ya kutengeneza mvuke na umeme, sodiamu inarudi kazini. Maji ya hatua za klorini au dayoksaidi hayarudi kirahisi hivyo, kwa sababu kloridi inakula vyuma vya boila. Yanabaki kusafishwa kwenye mabwawa na hatimaye kumwagwa. Kila kizio cha kapa unachokitoa kwa oksijeni ni lignini ambayo haitafika mtoni.

Na mito yetu haiendi mahali pamoja. Mvua ya Mufindi inagawanyika. Nyingine inashuka na Ndembera hadi kwenye mpunga wa Usangu, nyingine inapita na Ruaha Mdogo hadi Iringa mjini, nyingine inateremka ukingoni kwa Kihansi kuelekea bonde la Kilombero. Mtu anayekunywa, anayevua au anayemwagilia huko chini hakuulizwa karatasi iwe nyeupe kiasi gani.

Ozoni nitaipita haraka. Inavunja vifungo maradufu na pete za lignini kwa nguvu kubwa, kwenye asidi na joto la chini, na inaimaliza ile asidi ya heksenuroniki ya mlingoti vizuri. Inahitaji umeme mwingi na inaumiza selulosi ukizembea kidogo. Rojo isiyopitishwa klorini ya aina yoyote, kwa oksijeni, ozoni na peroksidi peke yake, inawezekana na ina soko lake. Kama mnunuzi wako anaidai na yuko tayari kulipia, fanya. Kama hadai, pesa hiyo iweke kwenye mfumo wa maji taka.

Peroksidi au jiki, kwa karakana ndogo

Sasa tuongee na walio wengi zaidi: vikundi vinavyotengeneza karatasi kwa mkono, kadi, vifuniko vya daftari, vifungashio vya zawadi na kahawa.

Kwanza, msipike mbao. Mpiko wa kostiki bila boila la kurejesha kemikali unaacha maji meusi yenye lignini na kostiki, na hayana pa kwenda ila mfereji. Vumbi la mbao la mashine za Mafinga nalo halifai, hata liwe bure: uzi wa msindano una urefu wa kama milimita 3, na msumeno umeshaukata. Karatasi yake inavunjika mkononi. Tumieni karatasi taka za ofisini, maganda ya mahindi, au mashina ya migomba ya Rungwe, ambayo lignini yake ni kidogo kuliko ya mbao na yanalainika kwa alkali nyepesi.

Kwa malighafi hiyo, chagueni peroksidi. Ndani ya alkali, pH kama 11, inageuka kuwa ioni ya perihidroksili, na ioni hiyo inaenda moja kwa moja kwenye kwinoni na makundi ya kabonili, yaani sehemu zile hasa zinazobeba rangi, na kuziua. Lignini yenyewe haitoki kwa wingi. Mnabaki na uzito karibu wote wa rojo yenu, na maji taka yake ni mepesi. Joto la nyuzi 60 hadi 80 kwa saa moja au mbili linatosha.

Adui yake ni metali. Manganizi, chuma na shaba, hata kidogo sana, vinaichangua peroksidi ikawa maji na oksijeni kabla haijagusa lignini, na katikati ya kuchanguka huko zinatokea zile radikali zinazokata nyuzi. Maji ya kisima yenye rangi ya kutu, pipa la mafuta lililokwanguka ndani, udongo mwekundu uliobaki kwenye maganda, yote haya yatawafanya mdhani mmeuziwa peroksidi feki. Oshea rojo kwanza kwa maji yenye EDTA kidogo (kemikali inayokamata metali hizo), umwage maji hayo, ndipo utie peroksidi pamoja na silikati ya sodiamu ya kuituliza. Fanyeni kazi kwenye pipa la plastiki. Na pimeni kostiki: peroksidi ikiisha wakati kostiki bado ipo na joto bado lipo, rojo inarudi kuwa ya manjano. Inapofika weupe mnaoutaka, ipozeni na muishushe pH kwa asidi nyepesi.

Jiki ni hipokloraiti ya sodiamu. Inapatikana kila duka, ni nafuu, na kwenye karatasi ya ofisini ambayo lignini yake ilishatolewa kiwandani inaweza kutoa madoa ya rangi. Hapo siigombi, kwa kiasi kidogo. Lakini kwenye maganda ya mahindi, au katoni, au magazeti, ambamo lignini bado imo, jiki inafanya mambo mawili mabaya kwa pamoja. Inapachika klorini kwenye lignini na kuzaa pia klorofomu, halafu inaikata selulosi ileile mnayoitaka. Chupa zinaisha, rojo bado ya manjano, karatasi ikikauka inapasuka. Na kuna hatari ya moja kwa moja: jiki ikikutana na ndimu, siki au asidi yoyote inatoa gesi ya klorini. Chumba kidogo kilichofungwa kwa sababu ya baridi ya Juni kinatosha kumpeleka mtu hospitali.

Peroksidi nayo si maji. Ile ya asilimia 35 au 50 inachoma ngozi na macho papo hapo. Glavu, miwani, na chupa yenye kifuniko kinachopumua, mbali na kuni na matambara.

Kutopausha

Njia hii mara nyingi haiwekwi kwenye jedwali la kulinganisha, na mimi naona ndiyo ingeshinda kwa sehemu kubwa ya matumizi yetu. Lignini ya kahawia kwenye rojo ya krafti ya msindano haiidhoofishi karatasi. Nguvu ya mfuko wa saruji inatokana na nyuzi ndefu ambazo hazikuchoshwa kwa dawa. Ukipausha unapoteza asilimia kadhaa za uzito na sehemu ya nguvu. Saruji ya Songwe, unga wa sembe, mbegu, chai ya Mufindi kwa wingi, na mifuko ya madukani iliyoongezeka tangu mifuko ya plastiki ipigwe marufuku Juni 2019, hakuna hata kimoja kati ya hivyo kinachohitaji weupe. Kama mteja anataka jina la kampuni lionekane vizuri, chapa wino mweusi au weka tabaka jembamba jeupe upande wa nje tu.

Ningechagua nini

Kwa mifuko na vifungashio vya msindano: pika krafti mpaka kapa ya 40 au zaidi, osha vizuri, acha kahawia.

Kwa karatasi ya kuandikia kutoka mlingoti, kiwanda kikubwa chenye boila: oksijeni, kisha asidi ya moto kwa ajili ya heksenuroniki, kisha dayoksaidi ya klorini, kostiki ikiimarishwa na peroksidi kidogo, na dayoksaidi tena au peroksidi mwishoni. Msindano unapita njia hiyohiyo bila ile hatua ya asidi, ukitumia dawa nyingi zaidi. Klorini tupu isiingie geti la kiwanda.

Kwa karakana ya mkono: peroksidi na EDTA, kwenye malighafi yenye lignini kidogo. Hapo kuna jambo moja la kumwambia mteja kabla hajalipa. Kwa kuwa lignini imebaki ndani na imevuliwa rangi tu, mwanga wa jua utairudishia rangi pole pole, kama unavyoona gazeti lililoachwa dirishani. Kadi ya harusi haina shida na hilo. Cheti cha kutundikwa ukutani kina shida. Kabla ya kupokea oda ya vyeti, chukua karatasi moja ya mkupuo huo, ifunike nusu kwa kipande cha bati, iache juani wiki mbili, kisha linganisha nusu mbili. Kama mstari kati yake unaonekana, vyeti hivyo vitengenezwe kwa karatasi taka nyeupe za ofisini, na maganda ya mahindi yabaki kwenye kadi.